Mizani, Daftari na Jina: Biashara ya Kahawa Ilivyowafunza Wazee Wetu



Hapa Dar es Salaam mtoto akitumwa chumvi jioni, mama yake humwambia, "Nenda kwa Mangi." Haulizi kama mwenye duka ametoka Marangu, Kibosho au Makete. Mwenye duka la mtaa ni Mangi, basi. Kwetu jina hilo lilikuwa la mtawala. Kilema, Marangu, Mamba, Mwika na Kirua, kila mahali palikuwa na mangi wake, hadi serikali ya Tanganyika huru ilipoondoa utawala wa machifu miaka ya 1960. Leo jina limehamia nyuma ya kaunta, katikati ya sabuni na vocha za simu.

Watani wetu Wapare wanalo lao. Wanasema ukitaka kuhakikisha kama Mchagga amekufa kweli, dondosha sarafu karibu na sikio lake. Tunacheka nao, maana utani ni udugu. Ila ndani ya utani huu kuna jambo ambalo vijana wetu wameanza kuliamini, kwamba sisi tumezaliwa na biashara damuni na hatuhitaji kufundishwa. Kamati ilipotuomba sisi tunaotunza hesabu za umoja tuandike makala ya historia ya kijitabu cha mwaka huu, tuliona tuanzie hapo. Wazee wetu hawakuzaliwa wafanyabiashara. Walijifunza, na ada yake ilikuwa kubwa. Shule yenyewe ilikuwa kahawa.

Mibuni ya Kilema

Kahawa ya arabika ililetwa kwetu na wamisionari. Mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, waliipanda kwenye shamba lao. Kutoka hapo miche ikatawanyika kidogo kidogo, hadi ikaingia kwenye vihamba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipochukua nchi, ofisa wao wa Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza wazee wapande kwa wingi. Wazee walipiga hesabu yao wakaona inakubali. Mbuni hukaa vizuri chini ya kivuli cha mgomba. Ungeweza kupata fedha ya kodi na ya karo bila kung'oa chakula cha watoto.

Walowezi wenye mashamba makubwa hawakufurahi. Walisema Mwafrika hawezi kutunza mbuni, na shamba lake litakuwa chimbuko la wadudu na magonjwa. Walisema kahawa yake itakuwa mbovu na itaharibu jina la kahawa yote ya Kilimanjaro. Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na hofu nyingine ambayo haikusemwa kwa sauti kubwa: mtu mwenye kahawa yake haendi kuwa kibarua kwenye kahawa ya mwenzake. Ng'ambo ya mpaka, hapo Kenya tunapopatazama kutoka Himo, walowezi walishinda hoja hiyo. Waafrika wa huko walizuiwa kulima arabika hadi miaka ya 1930.

Kwa hiyo wazee wetu waliingia katika soko lililokwisha kuwa na wenyewe. Wenye mashamba makubwa walikuwa na mitaji, na lugha ya mnunuzi waliijua. Mzee wa Kilema mwenye mibuni michache nyuma ya nyumba angesimamaje mbele yao?

Chama cha 1925

Jibu la kwanza lilikuwa kukusanyika. Mwaka 1925 ilianzishwa Kilimanjaro Native Planters' Association, KNPA, chama cha wakulima Waafrika wa kahawa. Kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Joseph Merinyo wa Old Moshi. Chama kililinda haki ya Mchagga kulima kahawa, kilisaidia vita dhidi ya wadudu na magonjwa ya mibuni, na kilikusanya kahawa ili iuzwe pamoja.

Tafadhali tuone akili ya kazi hiyo. Wapinzani walisema tutaeneza magonjwa. Chama hakikujibu kwa hotuba tu. Kilijibu kwa kutunza mibuni, jambo ambalo ofisa yeyote angeweza kwenda kulitazama shambani kwa macho yake. Shamba safi lilimtetea mwenye shamba kuliko wakili.

Lakini chama hicho hakikudumu. Miaka ya mwisho ya 1920 kiliingia katika ugomvi na serikali ya kikoloni pamoja na baadhi ya wamangi, ambao hawakupenda nguvu zake. Kisha bei ya kahawa duniani ikaanguka baada ya mwaka 1929. Katikati ya dhoruba hiyo yakazuka maswali juu ya fedha za chama, nayo hayakupata majibu ya kuwatosha watu. Viongozi walinyooshewa vidole. Wanahistoria wanaendelea kupima ni kiasi gani cha lawama kilikuwa cha haki na kiasi gani kilikuwa siasa. Sisi wahasibu tunaona jambo moja. Chama kilikuwa na maadui wakubwa, na maadui hao wakapata mlango wa kuingilia: vitabu vya hesabu. Vitabu vingekuwa safi na wazi, mlango huo usingekuwepo.

Mizani, daraja na stakabadhi

Mwaka 1932 ilitungwa sheria ya vyama vya ushirika Tanganyika. Mwaka 1933 KNPA ikarithiwa na Kilimanjaro Native Co-operative Union, KNCU, na meneja wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, A.L.B. Bennett. Chini ya muungano huo kulikuwa na vyama vya msingi, kila kimoja na ghala lake, mizani yake na karani wake.

Wengi wetu tuliozaliwa miaka ya 1970 na 1980 bado tunayakumbuka mazingira hayo. Kahawa ilichumwa ikiwa nyekundu tu. Ilimenywa siku hiyo hiyo kwa mashine ya mkono, ikavundikwa, ikaoshwa, ikaanikwa kwenye vichanja. Watoto tuliwekwa kuchambua, na ukiacha punje nyeusi ulisikia kwa bibi. Kisha gunia likapelekwa chamani. Pale palikuwa na foleni, na mbele ya foleni palikuwa na mizani. Karani alitazama kahawa, akapima, akaandika, akakata stakabadhi. Stakabadhi ililetwa nyumbani ikatiwa kwenye mkebe pamoja na vyeti vya ubatizo. Malipo ya kwanza yalipokelewa, halafu ikasubiriwa nyongeza baada ya kahawa kuuzwa, na karatasi ile ndiyo iliyokuwa shahidi.

Kutoka chamani kahawa ilienda kukobolewa Moshi mjini. Huko ilipangwa kwa madaraja: AA kwa punje kubwa, kisha A, B na kuendelea, na PB kwa ile punje moja ya mviringo inayokaa peke yake ndani ya tunda. Waonjaji waliipika, wakainusa, wakaionja na kuipa alama. Mnunuzi hakuhitaji kumfahamu bibi yako wala kusikia sifa za kijiji chako. Alisoma daraja na kuonja sampuli, kisha akataja bei.

Hapa ndipo ilipo siri ambayo tungependa kila mfanyabiashara wetu aichukue. Gunia la kahawa lilivuka bahari bila mwenyewe. Mzee hakuwepo Ulaya kuapa kwamba alichuma nyekundu tu. Kilichozungumza kwa niaba yake ni kazi iliyoweza kukaguliwa na mtu asiyemjua: uzito ulioandikwa, daraja lililopimwa, hesabu iliyofungwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa uzoefu wa kahawa tungeongeza kidogo: chema hujiuza kikiwa na ushahidi. Katika soko lenye watu wengi wanaosema "changu ni kizuri", anayesikilizwa ni yule ambaye neno lake linaweza kuhakikiwa yeye mwenyewe akiwa hayupo.

Somo la mwaka 1937

Tusipambe historia. KNCU ilikuwa na utaratibu, lakini utaratibu ulikuja pamoja na lazima. Mkulima alitakiwa kuuza kupitia kwake tu. Bei ya miaka ya 1930 ilikuwa ya chini, kulikuwa na makato, na watu wengi hawakuelewa fedha yao inakwenda wapi kati ya mizani ya kijijini na soko la nje. Walipouliza, waliona wanajibiwa kwa amri. Wengine walipeleka shauri mahakamani na hawakupata walichotafuta. Mwaka 1937 hasira ikapasuka. Zikatokea ghasia mlimani, maghala ya ushirika yakavamiwa, serikali ikatumia nguvu kuzima, na baadhi ya viongozi wa upinzani wakahamishwa mbali na nyumbani.

Somo la KNPA lilikuwa kwamba hesabu zisizo safi huua chama. Mwaka 1937 ukaongeza kwamba hata hesabu safi hazitoshi ikiwa mwenye mali hazielewi. Daftari linalofungiwa kabatini, au lililoandikwa kwa lugha ambayo mwanachama haisomi, kwake ni sawa na daftari ambalo halipo.

Muungano ulivuka dhoruba ile. Baada ya Vita ya Pili bei zilipanda, na miaka ya 1950 ikawa ya neema. Jengo la KNCU lililopo katikati ya mji wa Moshi ni ukumbusho wa enzi hiyo. Nyumba za bati ziliongezeka vihambani, na karo za watoto zililipwa kwa kahawa. Mwaka 1963 kikaanzishwa Chuo cha Ushirika Moshi, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Humo walifundishwa makarani na watunza hesabu wa vyama kutoka nchi nzima. Baadhi yetu tunaofanya kazi ya uhasibu leo, wazazi wetu walishika kalamu ya kwanza ya leja kule.

Soko lilipojaa

Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini. KNCU ikafutwa pamoja na wenzake, na kazi ya kununua kahawa ikapelekwa kwa mamlaka ya serikali. Mkulima aliendelea kupima kahawa, lakini chombo hakikuwa chake tena. Ushirika uliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na KNCU ikaandikishwa upya mwaka 1984, vihamba vingi vilikwisha kuona mibuni ikizeeka, na vijana wakitazama nyanya, maziwa na barabara ya kwenda mjini.

Halafu yakaja mageuzi ya soko. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua kahawa moja kwa moja kutoka kwa mkulima. Kwa mara ya kwanza katika umri wa wengi wetu, mzee aliyekuwa na gunia moja alifuatwa na wanunuzi watatu. Wao walilipa taslimu, palepale. Ushirika ulilipa kidogo kwanza na nyongeza baadaye, na wakati mwingine baadaye hiyo ilichelewa sana. Mwenye mtoto aliyerudishwa shuleni kwa ajili ya ada hawezi kulaumiwa kwa kuchagua fedha ya leo.

Haraka ile ilikuwa na gharama yake. Mnunuzi anayegombania gunia na wenzake hana muda wa kuchagua. Nyekundu na kijani, iliyokauka na yenye unyevu, zote zililipwa bei moja. Mkulima makini akajiuliza kwa nini ajitese kuchambua usiku. Ubora ukashuka, na ubora ukishuka bei ya mnadani nayo hushuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya dunia nayo ikaanguka vibaya, na wapo walioshika shoka wakang'oa mibuni ya babu zao.

Waliosimama katika kipindi hicho walirudi kwenye njia ya zamani. KNCU iliingia katika biashara ya haki ya kimataifa, ambako mnunuzi hulipa zaidi kwa sharti kwamba vitabu vya chama vikaguliwe na matumizi ya nyongeza yaamuliwe na wanachama. Baadhi ya vyama vya msingi vilijikusanya katika kundi lililojulikana kama G32, vikaanza kupeleka kahawa yao mnadani vyenyewe, ili mwanachama aone wazi gunia lake limeuzwa kwa bei gani. Vingine vilijenga mitambo ya pamoja ya kuchakata ili kahawa ya wote ifanane. Hawakupiga kelele kuliko wanunuzi wengine, na fedha ya kuwashinda kwa bei ya siku hiyo hawakuwa nayo. Walichotoa ni kitu ambacho wale wa haraka hawakuwa nacho: kahawa inayojulikana ilikotoka, na karatasi ya kuthibitisha.

Kutoka kwenye ghala hadi Kariakoo

Tumeyasimulia haya kwa sababu ya hali tunayoiona mjini. Watoto wetu wengi sasa wana maduka ya vifaa vya ujenzi, vipuri, nguo, vyakula na huduma za simu. Ukipita Kariakoo utakuta mtaa mzima unauza bomba lile lile, kutoka kontena lile lile, kwa bei inayopishana shilingi mia. Kila mmoja anaita wateja, na jirani naye anaita.

Katika kazi yetu tunaona wanakokwama. Kijana ana duka linalojaa watu, anaomba mkopo benki, anaulizwa hesabu za miaka miwili, anatoa daftari la shule lenye kurasa zilizochanika. Mwingine anapata nafasi ya kusambaza mahindi na maharage kwa shule kadhaa, bei yake ni nzuri kuliko za wote, lakini hana namba ya mlipakodi iliyo hai wala stakabadhi anazoweza kutoa. Kazi inakwenda kwa mwenye bei kubwa zaidi. Anarudi kwetu akisema amefanyiwa fitina. Mara nyingine ni fitina kweli. Mara nyingi ni mkebe wa stakabadhi uliokosekana.

Wahenga walilijua hili kabla Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu haijaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972: mali bila daftari hupotea bila habari. Tungependa kumwambia kijana wetu kwamba daftari linafanya zaidi ya kulinda mali. Linamleta mteja ambaye hamjuani, na linamfanya mwenye benki asiyekujua akuamini. Mtaani wote ni Mangi. Atakayejulikana kwa jina lake mwenyewe ni yule ambaye mizani yake haijawahi kubishiwa, na risiti yake inatoka bila kuombwa. Akisema mzigo utafika Alhamisi, unafika Alhamisi.

Na jina ni mali halisi. Kule Japani kahawa ya arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ile iliyolimwa mbali na mlima wetu. Wazee waliochambua punje nyeusi kwa mwanga wa koroboi waliujengea mlima jina ambalo wengine hadi leo wanalitegemea. Swali ni kama sisi tunaongeza kwenye jina hilo au tunalila.

Na sisi je?

Haitakuwa haki tuhubiri ushirika wa zamani na Kariakoo bila kujitazama. Wanaumoja wa siku nyingi wanakumbuka harambee ya kuezeka wodi ya wazazi katika zahanati yetu. Watu walitoa kwa moyo, wengine kwa kukopa. Mabati yalinunuliwa, mafundi wakalipwa nusu, kazi ikasimama. Hakuna aliyeiba; tulipitia karatasi moja moja na tunaweza kusema hivyo bila kusita. Lakini kwa misimu miwili ya mikutano hakuna aliyesimama kusoma mapato na matumizi. Sisi tunaoandika makala haya tulikuwemo ukumbini, na kalamu zetu mfukoni. Tuliona haya kuuliza, tukidhani kuuliza ni kumtuhumu ndugu. Michango ikakauka. Akina mama wakaendelea kujifungulia katika chumba ambacho mvua ya masika ilikuwa ikiingia.

Ilikuwa KNPA yetu ndogo, na ilikuwa 1937 yetu ndogo pia. Kimya kiligharimu kuliko ambavyo wizi ungeweza kugharimu, maana wizi ungejulikana.

Tangu wakati huo utaratibu umebadilika. Kila mchango hutolewa stakabadhi yenye namba. Malipo hayatoki bila saini tatu, moja ikiwa ya mama anayeishi nyumbani, anayeona kazi kwa macho yake. Hesabu hukaguliwa na mwanaumoja asiye katika kamati. Husomwa kwa Kiswahili, kwa sauti, katika mkutano wa Desemba tunapopanda wote kwa Krismasi, na yeyote anaweza kunyoosha mkono. Hesabu za mwaka huu zimechapishwa katika kurasa za mwisho za kijitabu hiki. Tunaomba mzisome kabla ya kusoma majina ya wachangiaji. Mkiona tarakimu isiyoeleweka, tupigieni, na hatutaona mmetutukana.

Fedha ya mwaka huu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumaliza paa lile, dari na tangi la maji ya mvua. Ya pili ni ndogo kwa gharama: mafunzo ya wiki moja ya kutunza vitabu vya biashara kwa vijana na akina mama wa masoko ya nyumbani, yatakayotolewa bure na wahasibu wa umoja huu wakiwa likizo. Mwenye kibanda cha ndizi aje. Fundi seremala aje. Vikundi vya maziwa vije na madaftari yao, hata kama yamechanika.

Vyama vya ukoo na vya wilaya mjini hapa ni vingi, na kila mwisho wa wiki kuna kadi ya mchango mezani kwako: harusi, msiba, kanisa, shule. Tunajua umoja wetu umesimama kwenye foleni hiyo pamoja na wengine wote. Hatukuombi utupendelee kwa sababu sisi ni ndugu. Tazama mizani yetu, soma daftari letu, kisha utoe kadiri unavyoona tunastahili. Na stakabadhi yako uidai, uiweke kwenye mkebe kama bibi alivyoweka ya kwake.

Karibuni nyumbani Desemba.